Miguu ya Askari Kanzu

Mama yangu hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji, lakini ndiye aliyekuwa wa kwanza kumtambua muuaji. Mzee wa chini aliponiuliza kajuaje, nilimtafsiria mara mbili na bado hakuamini.

Tulikuwa tunaishi Troyeville, Johannesburg, ghorofa ya kwanza ya jengo la matofali mekundu ambalo wanasema lilikuwa zuri zamani. Chumba chetu kilikuwa kimoja, kikubwa, na pazia katikati: huku kitanda, kule cherehani yangu na meza ya kukatia vitambaa. Nashona sare za shule na mapazia. Mume wangu ni dereva wa lori, maisha yake ni barabarani na mpakani, nyumbani anakuja kubadilisha nguo. Mama alikuja kutoka Tanga kuniuguza nilipofanyiwa upasuaji. Alisema atakaa mwezi, akakaa na kukaa. Moyoni nilifurahi mno, mdomoni nikawa namlalamikia kwamba anatia mafuta mengi kwenye mchuzi.

Chini, mlango wa kwanza ukiingia jengoni, alikaa mzee mmoja mwenyeji, Mzulu, aliyefiwa na mkewe. Wote tulimwita Mkhulu, kwao ndiyo babu. Kila alasiri Mkhulu alifungua mlango wake upepo uingie, akawasha redio kubwa ya kaseti, na jengo zima likageuka mji wa watu wanaopigana risasi. Nje jua la Johannesburg linachoma, kwenye kaseti mvua inanyesha haikatiki. Gari linafunga breki. Mwanamume mwenye sauti ya kukwaruza anasema kwa Kiingereza cha kizamani kwamba jiji hili limeoza, kisha anawasha sigara, hata njiti ya kiberiti unaisikia. Mie si mtu wa kuvumilia kelele za watu. Siku moja nikashuka, futi ya kupimia bado shingoni, nikamwambie apunguze.

Nikamkuta mama yangu amekaa mlangoni kwake juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, katega sikio.

"Mama, unafanya nini huku?"

"Nyamaza," akasema. "Wanaingia nyumba ya marehemu."

Basi ndiyo nikaijua habari ya zile kaseti. Mkhulu alinieleza mwenyewe, kwa Kiingereza kilichochanganyika na Kizulu, taratibu, maana alikuwa mtu wa kupenda kusikilizwa. Kabla televisheni haijaingia nchi hii, na iliingia kwa kuchelewa kweli, watu waliishi na redio. Kila wiki palikuwa na mchezo wa askari kanzu: mpelelezi wa kujitegemea, mwenye koti la mvua na ofisi chafu, hana rafiki, haamini mtu, na kila mwanamke mzuri anayeingia ofisini kwake ana uongo mkobani. Watu waliacha chakula kipoe. Mkhulu wakati huo alikuwa kijana, kaajiriwa kupeleka chai studio walikorekodia michezo hiyo. Waigizaji wote Wazungu. Yule aliyekuwa akitengeneza milio, hatua za miguu, milango, mvua, alikuwa mlevi, na siku moja alishindwa hata kusimama. Wakatazamana, wakamtazama mpeleka chai. Wewe, vaa viatu hivi.

Tangu siku hiyo askari kanzu alitembea kwa miguu ya Mkhulu. Walimwekea sinia la kokoto, ubao, gunia lililoloweshwa maji. Visigino vya wanawake alivivaa mikononi, akavipigisha juu ya meza. Yule Mzungu mwenye sauti hakuwahi kumpa hata salamu.

"Sauti yake, miguu yangu," Mkhulu aliniambia. "Tulikuwa mtu mmoja. Ila jioni yeye alirudi nyumbani kwa gari."

Nikacheka, nikamtafsiria mama, nikaongeza la kwangu kwamba mjini hapa hakuna mzee ambaye zamani hakuwa mtu mkubwa. Mama hakucheka.

"Hebu msikilize akiondoka," akasema. "Kisigino kinatua, kinangoja, ndipo vidole vinafuata. Hapa kinatua, kinangoja. Na kwenye redio kinatua, kinangoja. Ndiye huyo huyo. Wewe masikio yako umeyatia kwenye cherehani."

Sasa ile siku ya muuaji. Kwenye kaseti, mwanamke mmoja kamwajiri askari kanzu amtafute aliyemuua tajiri fulani. Wanakwenda usiku nyumba ya marehemu, wanapanda ngazi. Mama akanigusa goti.

"Huyu mwanamke kasemaje?"

"Kasema hajawahi kufika nyumba hii."

"Mwongo! Askari kapanda, ngazi imelia. Yeye kapanda, haikulia. Kairuka. Mgeni gani anayeijua ngazi mbovu gizani? Huyo ndiye aliyeua."

Nilipomtafsiria mara ya pili, Mkhulu alisimamisha kaseti. "Eish," akasema. Kisha akainua mikono yake miwili, akaitazama, ile ile aliyovalia visigino. Akasema mkubwa wa studio alimwagiza airuke ngazi ile, akisema yupo mtu mahali fulani ataisikia. Miaka yote aliyoishi hajakutana na mtu huyo. Kesho yake ndoo ikaondolewa, mama akawekewa kiti cha mto.

Urafiki wao ulikuwa wa ajabu. Lugha hawana, wanakunywa chai, wanasikiliza. Yeye anamwita mama Gogo, kwao ndiyo bibi, mama anamwita kaka. Kaseti zilikuwa nyingi, boksi zima chini ya kitanda, lakini ile ya mwanamke mwenye visigino ndiyo waliyoirudia mpaka mie nikaijua kwa moyo. Mwisho wa mchezo mwanamke anatoa bastola, risasi inalia, kimya, askari kanzu anatembea hatua zake, kisha anamtaja muuaji. Hapo mama anapiga paja: "Nilisema mie!" Kila siku, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kama vile hajawahi kuisikia. Majirani walijua saa kwa kelele ile.

Tena alianza kulipeleleza jengo letu. Ngazi zetu zilikuwa za saruji, kila moja ina ukingo wa bati, na ukingo mmoja katikati ulikuwa umeachia. Ukiukanyaga unalia kwaa, jengo zima linasikia. Sisi wakazi tuliuruka bila hata kufikiri. Mama akiwa kitandani alikuwa akiniambia, "Huyo wa kwetu," au, "Huyo mgeni," kabla mtu hajafika juu. Nilimtania kwamba tumwombee kazi polisi.

Kisha utani ukaisha.

Mambo yalianza kwa simu. Kwenye kundi letu la Waswahili watu walitumiana sauti: jamani, wale wanaofukuza wageni leo wapo mtaa fulani, wanapita mlango kwa mlango, wanauliza nani wa wapi. Kesho yake mtaa mwingine. Watanzania wa Yeoville walifunga maduka mapema, Wakongo wakaacha kukaa barazani. Mume wangu akanipigia kutoka mpakani. Yeye aliyaona ya Alexandra kwa macho yake enzi zile wageni walipovamiwa majumbani, alijificha ndani ya kabati la nguo siku nzima na mpaka leo hapendi harufu ya nondo, zile dawa nyeupe za nguo. Akaniambia, mke wangu, karatasi zako weka vizuri, lakini usizitegemee, wale hawasomi karatasi.

Halafu ikaja habari ya hodi. Jengo moja upande wa Bertrams, watu hao walipanda ngazi taratibu, bila fujo. Hawakugonga. Walisimama kwenye korido, mmoja wao akaita kwa sauti ya upole kabisa: "Hodi." Wamejifunza, sijui kwa nani. Mama mmoja wa Kirundi alikuwa jikoni anakaanga, akajibu, "Karibu." Angefanyaje? Neno lile halipiti kichwani, linatoka lenyewe. Mlango wake ulivunjwa, vitu vyake vikatupwa barabarani, na yeye mwenyewe wakampiga mpaka akalazwa. Milango mingine, iliyokaa kimya, waliipita.

Niliposikia hivyo niliingiwa na hofu. Si kwa ajili yangu. Mie nimeishi huku muda, nimeshajifunza tabia mbaya ya kukaa kimya. Lakini mama yangu? Mama ni mtu wa Tanga wa zamani. Kwake hodi ni kama salamu ya Mungu, haipiti bila jibu. Akiwa kwenye sala tu ndipo hakujibu, na hata hapo alipandisha sauti ya kisomo ili mtu ajue yupo.

Mimi na jirani yangu Mkongo, msusi wa mlango wa pili, tukapita kwenye kila mlango wa jengo wanaposema Kiswahili. Tukakubaliana: kuanzia leo hakuna hodi. Mtu akija akwaruze geti la chuma la mlangoni kwa ufunguo, sisi tutajua. Mwenye kuita hodi asijibiwe, hata awe na sauti ya malaika. Wote wakakubali. Mkhulu hakuna aliyemwambia. Nani angefikiri? Yeye mwenyeji, hodi anaijulia wapi?

Mama alipoambiwa alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mtu apige hodi nami nimo ndani, nikae kimya? Mie mchawi?"

"Mama, watakuua."

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Huku mgeni akija mwenyeji anatafuta fimbo! Niapie hutajibu."

"Kiapo cha kumnyima mtu karibu sikiweki," akasema. Akageukia ukuta. Baadaye kidogo nikasikia, "Nitajaribu."

Nitajaribu! Ndiyo ahadi niliyoishi nayo. Nilishona mlango umefungwa kwa komeo na kufuli, nakanyaga cherehani kidogo, naacha, nasikiliza, nakanyaga tena. Mishono ikapinda. Bati la ngazi likilia, sindano inanichoma. Niliogopa watu wa nje, lakini wallahi niliuogopa zaidi mdomo wa mama yangu, na nikajichukia kwa kuuogopa.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, jua lipo. Tulisikia filimbi kwanza, mbali, upande wa kule kwenye robot ya barabara kubwa, ndiyo taa za magari. Kisha nyimbo, kisha vioo. Msusi alikuwa ameshabeba wanawe asubuhi kwenda kujisitiri kanisani. Mie na mama tungekwenda wapi? Magoti yake hayakimbii, na barabarani ndiko waliko. Nikafunga geti, nikafunga mlango, nikashusha mapazia, tukakaa kitandani nyuma ya pazia la chumba. Nikagundua kitu kilichonitia hofu kuliko zile filimbi: kaseti haijawashwa. Saa ya mchezo imefika na chini kimya. Kama hata Mkhulu kafunga, nikasema, basi tumekwisha.

Nyimbo zikakaribia, zikasimama nje ya jengo letu. Geti la chini likatikiswa. Sauti za watu wakibishana.

Kisha nikasikia mtu anapanda. Anakuja haraka, anahema. Akafika kwenye korido yetu, akasimama mlangoni kwetu hasa, si kwa msusi, si kwingine. Kukawa kimya. Halafu, kwa sauti ya chini, ya kunong'ona:

"Hodi."

Yarabi toba. Nilimrukia mama. Nilimziba mdomo kwa mkono wangu wote, nikamlaza kifuani kwangu, na yeye akaanza kufurukuta. Nilijua atafurukuta. Macho yametoka, anatikisa kichwa, anataka kusema. Nikazidi kumbana. Mama yangu aliyenizaa, nimembana mdomo kama mwizi.

"Hodi," mara ya pili.

Akaning'ata kidogo, sikuachia. Machozi yalikuwa yananitoka, nikimnong'oneza sikioni, mama tafadhali, mama nakuomba.

"Hodi." Mara ya tatu.

Hodi tatu bila jibu, mstaarabu anaondoka. Nikasikia aliyekuwa nje anageuka. Na hapo mama akaacha kupigana. Akauchukua mkono wangu wa pili, ule uliokuwa mgongoni kwake, akauweka kwenye paja lake, akaanza kunigonga kwa kidole juu ya mkono. Kimoja. Akangoja. Kingine. Kimoja, akangoja, kingine. Nikadhani akili imemruka kwa hofu. Kisha nikasikia. Nje, kwenye korido, kisigino kilitua, kikangoja, vidole vikafuata. Kidole cha mama na ile miguu vilikwenda pamoja. Na nikakumbuka kwamba mtu huyu alipokuwa anapanda, bati la ngazi halikulia. Aliliruka. Hakuwa mgeni.

Nilimwachia mama. "Ni kaka," akasema, anahema. "Nimemfundisha hodi mwenyewe, anakunywa chai kwangu unapokwenda kununua vitambaa. Mfungulie, anashuka kwa wale!"

Sijui nilifunguaje kufuli zile. Mkhulu alikuwa kafika kichwa cha ngazi, redio yake kubwa kaikumbatia kifuani. Nikamshika shati nikamvuta ndani.

"Wanamuulizia mshonaji," akaniambia. "Pale getini. Wanajua ni ghorofa hii. Ingieni chini ya meza."

Nikataka kufunga mlango. Akanizuia. "Mlango uliofungwa ndio unaovunjwa," akasema, akauacha wazi kabisa. Mie na mama tukatambaa chini ya meza ya kukatia, nikashusha jora la kitambaa cha sare likaning'inia mpaka karibu na sakafu. Kiti kilikuwa mbele ya mlango, na juu ya kiti, ole wangu, kanga ya mama, maandishi yake ya Kiswahili yanasomeka mpaka kwa kipofu. Mkhulu aliiona, akaikalia. Akaweka redio magotini, akabonyeza.

Mvua ikaanza kunyesha.

Wakapanda. Bati likalia kwaa. Likalia tena. Likalia tena na tena, kila mguu mgeni kwa zamu yake, mpaka nikakata tamaa ya kusubiri liishe. Wakajaa korido. Kutoka pale chini niliona viatu tu: vya michezo vyeupe, vipya, gambuti za kazini, na ncha ya fimbo ya gofu ikigusa sakafu, ikiinuka, ikigusa.

"Nani anakaa hapa?" mmoja akauliza kwa Kizulu.

"Mimi nakaa hapa," Mkhulu akasema. "Unaona ninasikiliza mchezo wangu. Limenipita neno zuri."

"Tumeambiwa kuna mwanamke wa kigeni anashona."

"Anayeshona ni mkwe wangu. Yuko kazini. Unataka kushonewa sketi?"

Mmoja akacheka. Mwingine hakucheka. Viatu vyeupe viliingia ndani, vikapita kiti, vikaja kusimama mbele ya meza, karibu kiasi kwamba niliona kamba moja imefunguka. Mkono wake ukalizungusha gurudumu la cherehani. Nikasikia sindano yangu ikipanda na kushuka patupu.

Na hapo ndipo nilipotambua kaseti imefika wapi. Jamani! Katika haraka zake mzee alikuwa kaweka ile ile ya mwanamke mwenye visigino, nayo ilikuwa imebaki mwishoni mwishoni. Mwanamke alikuwa anaomba huruma. Baada ya hapo bastola. Baada ya bastola kimya, hatua za askari, jina la muuaji. Na baada ya jina la muuaji, kila siku ya Mungu, mama yangu hupiga paja na kupayuka.

Risasi ikalia. Viatu vyeupe viliruka, ncha ya fimbo ikapiga meza juu yetu, mtu akatukana. Wenzake wakamcheka. "Unaogopa redio!" wakasema, na yeye, kwa aibu, akasimama pale pale, hakutoka. Kwenye redio kimya. Kisha kisigino kikatua, kikangoja, vidole vikafuata. Nikainua mkono kuuziba tena mdomo wa mama. Akaushika, akaushusha taratibu. Akachukua pindo la mtandio wake, akalitia kati ya meno, akauma. Macho yake hayakuwa kwangu. Yalikuwa kwenye viatu vile.

Askari kanzu akamtaja muuaji. Mama hakusema kitu.

"Twende," mmoja akasema mlangoni. "Mzee mwendawazimu huyu." Viatu vyeupe vikageuka. Bati likalia kwaa, likalia, likalia, wakishuka. Nikaanza kutoka chini ya meza, Mkhulu akanionyesha kiganja: kaa. Maana vishindo vilianza chini yetu. Kitu kizito kilipinduka. Vyombo vikavunjika. Nilimwangalia mzee, na yeye alikuwa anatazama redio, ananyonga kitufe cha sauti polepole. Mlango wake aliuacha wazi alipopanda kutuita. Alijua ni kwake.

"Nenda, Mkhulu!" nikamwambia.

"Nikienda watajua kwangu si hapa," akasema. "Kaa."

Walipoondoka na nyimbo zao tukashuka. Boksi la kaseti walilimwaga na kulikanyaga, na utepe wa kahawia ulikuwa umetapakaa mpaka kwenye ngazi kama utumbo wa kuku. Mkhulu aliinama, akaokota kipande, akakivuta kati ya vidole, akakiachia. Nililia kwa sauti, nikawatukana wale watu kwa Kiswahili, matusi ya Tanga ambayo hata mume wangu hajawahi kuyasikia kinywani mwangu. Mzee yeye aliniuliza jambo moja tu.

"Mbona Gogo hakusema neno lake?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yetu, mtandio bado mkononi, unyevu, umetoboka alipouma. Alikuwa anatazama mlango wa nje.

Hakulisema tena. Kaseti iliyobaki ilikuwa moja, ile iliyokuwa ndani ya redio. Mkhulu aliipiga alasiri zilizofuata, na mama alishuka, akakaa kwenye kiti chake cha mto, chai ikapoa. Ikifika jina la muuaji mzee alimgeukia, anangoja. Mama alikuwa akisikiliza nje. Mume wangu aliporudi tukakubaliana mama arejee Tanga. Siku ya kuondoka akaenda kumuaga Mkhulu. Nilisimama na mabegi nikamtazama. Hakuita hodi. Alitoa ufunguo, akakwaruza geti la mzee, polepole, kama tulivyomfundisha. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilidhani akifika kwao atapona. Kisha dada yangu akanipigia. Akasema, mama ana nini? Jirani anakuja asubuhi na chapati zake, anapiga hodi, anapiga hodi, mama yumo ndani na hajibu. Wamemchungulia dirishani: amesimama nyuma ya mlango, kainamisha kichwa, anasikiliza miguu. Hata wajukuu anawasikiliza miguu kwanza. Mchana komeo linafungwa. Nyumba yetu ya Tanga, ambayo tangu nizaliwe mlango wake ulifungwa kwa kulala tu!

Nikashuka na simu kwa Mkhulu, nikamweleza. Akavaa viatu vyake vizuri, vile vya kanisani, akaondoa zulia. Akaniambia nimpigie Gogo, niweke simu sakafuni. Nikapiga, nikasikia simu imepokelewa, na pumzi ya mama, bila neno. Siku hizi hata kwenye simu hajibu mpaka ajue ni nani. Nikaiweka chini.

Mzee akatembea, kutoka dirishani mpaka mlangoni na kurudi. Kisigino kikatua, kikangoja, vidole vikafuata. Alikuwa na jasho usoni, kwa umri wake, anatembea kama anarekodiwa. Nilipiga magoti, sikio karibu na simu. Kimya, kimya, mpaka nikafikiri imekatika.

"Karibu, kaka," mama akasema. "Karibu ndani."

Na nyuma ya sauti yake, kule Tanga, nikasikia komeo likifunguliwa.